Ukuu wa Fundi Uko Kwenye Maungio

Fundi aliwasha gari, akaliacha lingurume taratibu, kisha akapanda juu ya bampa na kuuziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha mpira. Gereji nzima ikanyamaza. Injini ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikazima. Mzee akashuka, akafuta mikono na kusema neno moja: "Imekaa."

Hiyo ilikuwa Arusha, na gari lilikuwa Land Cruiser la kubebea watalii, lenye injini ya 1HZ. Siku zote nilikuwa nikiyatazama yale mabomba meusi ya snokeli yanayopanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa na kujiuliza: ni kazi au ni urembo?

Tuanze na wanaotafuta nguvu. Hao watarudi mikono mitupu. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, na nguvu zake hutegemea zaidi kiasi cha mafuta kinachopimwa na pampu. Chujio la kawaida likiwa safi, hewa inayopita inatosha. Snokeli ikileta nafuu, ni ndogo; mguu wako hautaihisi kwenye pedali.

Lakini mtazame mnyama huyu anavyovuta pumzi. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kwa hesabu ya karatasi injini hiyo humeza lita 4,200 za hewa kila dakika, yaani mapipa 21 ya lita 200. Sasa lipeleke gari ng'ambo ya lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro, lami inapoishia, uteremke kuelekea Naabi, Serengeti, wakati wa kiangazi. Udongo wa mbuga zile umetokana na majivu ya volkano, na gari lililo mbele huutimua ukawa ukungu. Njia ya hewa ya kiwandani mara nyingi huchungulia ndani ya fenda, jirani na tairi, pale pale vumbi linapochemka. Kila pipa la hewa linakuja na ungaunga wake.

Vumbi likilipita chujio, likachanganyika na oili, huwa msasa. Hukwangua silinda, hula ringi, na siku moja asubuhi dereva anaona moshi wa bluu. Hapo kinachofuata ni kushusha injini. Maji hayangoji hata siku hiyo: hayagandamiziki, kwa hiyo yakiingia ndani ya silinda pistoni inapopanda, konrodi hupinda.

Ndiyo maana bomba hupandishwa juu, kwenye hewa yenye vumbi pungufu na mbali na maji ya korongo. Hata hivyo bomba ni plastiki tu, na plastiki haina ujuzi. Ujuzi niliuona mezani kwa yule mzee. Alibandika karatasi ya vipimo kwenye fenda, akapima, akaibandua, akapima upya. Kijana wake akauliza, "Fundi, si tutoboe tu?" Akajibiwa, "Bati halishonwi, mwanangu." Baada ya kutoboa alichukua tupa akalainisha ukingo wa tundu, akaupaka rangi ili kutu isipate pa kuanzia. Maungio yote aliyavalisha silikoni, akazungusha kidole humo kama mama anayepangusa sufuria. Chini ya boksi la chujio kuna kidomo cha mpira cha kumwagia vumbi. Nacho alikikagua, maana gari likizama, maji hupenyea hapo hapo, hata snokeli ingekuwa ndefu kama mnazi.

Mimi nilijifunza thamani ya kidole hicho kwa hasara. Gari langu la kwanza lilifungiwa bomba na mtu mwenye haraka. Kwa nje lilipendeza, watu wakalisifu. Miezi kadhaa baadaye nilifungua hozi iliyo kati ya chujio na injini, nikapitisha kitambaa cheupe, kikatoka na mstari wa rangi ya ugoro. Kilipu ilikuwa imekazwa nusu. Muda wote huo injini ilikuwa ikivuta vumbi ambalo chujio halikupata hata nafasi ya kuliona. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ufundi huu una unyonge wake: ukifanywa vizuri hauonekani. Mchongaji wa mlango hupita barabarani akaonyeshwa kazi yake. Fundi wa pumzi huificha yake nyuma ya fenda, na sifa anayoipata ni injini inayowaka asubuhi bila kelele, jambo ambalo hakuna anayelishukuru.

Basi je, inafaa? Kama njia zako ni za lami, nunua chujio halisi, libadilishe kwa wakati, fedha inayobaki peleka kwenye matairi. Kama unakula vumbi nyuma ya misafara na kuvuka makorongo wakati wa masika, funga snokeli, na umlipe fundi hata ile saa aliyoitumia kukaza kilipu usizoziona. Ila kabla ya kutoa pesa, mwombe awashe gari na kuuziba mdomo wa bomba. Injini isipozima, kazi haijaisha.