Mtazamaji wa Jumamosi

Mtu aendaye sinema Jumamosi pamoja na wanawe, au peke yake jioni baada ya kazi za juma zima, hana desturi ya kutoa hoja. Akiulizwa picha ilikuwaje, jibu lake halizidi maneno matatu au manne: nzuri, ndefu mno, makelele matupu, watoto wameipenda. Msomi asikiapo majibu hayo aghalabu hutabasamu, akamwacha mtu yule aende zake kwa kudhani kuwa hana neno. Dharau hiyo haina haki. Maneno ya mtazamaji wa Jumamosi ni machache kwa sababu hakuna aliyemlipa kuyaongeza. Yeye ndiye aliyelipa. Yakifunguliwa moja moja na kulinganishwa na picha zenyewe, huonekana kuwa mna kipimo ndani yake, tena kipimo kimoja kitumikacho kwa picha za vita na mashindano ya mbio sawasawa na kwa picha za kuchekesha watoto.

Katika Afrika ya Mashariki watazamaji walijitungia kanuni yao zamani, pasipo kungoja mhakiki awatungie. Shujaa wa picha humwita steringi, na kanuni yasema kwamba steringi hafi. Husemwa kwa mzaha, na mtoto wa miaka saba aijua. Lakini mzaha huo umebeba swali zito kuliko lionekanavyo. Ikiwa yajulikana tangu mwanzo kwamba mtu huyu hafi, kwa nini mtazamaji ashike kiti kwa mikono miwili anapomwona akining'inia ukingoni mwa jabali? Yabidi pawe na jambo jingine la kumtia hofu, na jambo hilo ni gharama. Steringi atafika, hilo halina shaka. Lakini atafika akiwa na nini, na atakuwa amepoteza nini njiani? Picha ijuayo kulijibu swali hili huitwa nzuri. Picha isiyojua huitwa ndefu.

Neno hilo, ndefu, lastahili kuangaliwa kwanza, maana ndilo lidharauliwalo kuliko yote. Mwaka 2023 zilitoka picha mbili za mapambano zenye urefu karibu sawa. Moja ni Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One, iliyoongozwa na Christopher McQuarrie, yenye dakika 163. Ya pili ni John Wick: Chapter 4, ya Chad Stahelski, yenye dakika 169. Kama urefu ungekuwa ni hesabu ya saa tu, ya pili ndiyo ingechosha zaidi. Mtazamaji wa Jumamosi hupima kinyume chake, naye ana sababu.

Katika picha ya kwanza Tom Cruise aliendesha pikipiki mpaka ukingoni mwa mlima huko Norway, akaruka nayo katika hewa, akaiacha, kisha akafungua mwavuli wake. Alilifanya jambo hilo yeye mwenyewe, si mtu wa kukodiwa. Ushujaa huo hauna ubishi. Lakini wenye picha waliutangaza ulimwenguni miezi mingi kabla, wakaonyesha jinsi ulivyopangwa na kurudiwa, hata mtazamaji alipoketi kuutazama alikuwa kama mgeni aliyeonjeshwa karamu nzima jikoni. Aliusifu, kwa kuwa ni mtu wa adabu, lakini moyo wake haukuruka pamoja na pikipiki. Tena, ndani ya picha hiyohiyo anakufa Ilsa Faust, mwanamke aliyekuwa mwenzi wa shujaa katika hatari tangu mwaka 2015. Anakufa upesi, juu ya daraja la Venice. Shujaa anahuzunika kidogo, kisha treni inangoja, na safari inaendelea. Hapo ndipo urefu ulipoanza. Mtu hawezi kuombwa ahofie maisha ya steringi kwa saa nzima iliyosalia ikiwa ameonyeshwa kwamba maisha yaliyopotea hayakuacha pengo. Mabehewa yaangukayo korongoni moja baada ya jingine mwishoni mwa picha yamepangwa kwa ustadi mkubwa, na pengine hakuna mapambano bora zaidi ya treni katika miaka ya karibuni. Hata hivyo mtazamaji alitazama saa yake.

John Wick yaonekana, kwa kuisikia tu, kuwa picha ya kipuuzi zaidi. Ilianza mwaka 2014 kwa mtu aliyelipiza kisasi kwa ajili ya mbwa, na tangu hapo waliouawa hawahesabiki. Nguo zake hazipenyi risasi, naye aanguka kutoka juu ya majengo akainuka. Kwa kanuni ya gharama ingepasa ishindwe. Lakini Stahelski, kabla hajawa mwongozaji, alikuwa ndiye mtu wa kuanguka na kupigwa badala ya Keanu Reeves katika The Matrix ya mwaka 1999. Auijua uzito wa mwili wa mtu unapogonga sakafu. Huko Paris yako madaraja 222 ya kupanda kwenda kanisa la Sacré-Cœur. Shujaa atakiwa awe juu kabla jua halijachomoza. Anapigana ngazi hadi ngazi, anakaribia kufika, kisha anapigwa na kuporomoka mpaka chini kabisa, na mtazamaji aonyeshwa mporomoko huo wote bila kukatishwa upesi. Watu hucheka hapo. Lakini ni kicheko cha mtu aliyewahi kubeba gunia juu ya mlima likamponyoka. Shujaa hana la kufanya ila kuanza upya. Na mwisho wa picha, kinyume cha kanuni ya watazamaji wote wa mtaani, steringi alala chini juu ya ngazi, na hatimaye laonyeshwa kaburi lenye jina lake. Huenda watengenezaji watamfufua. Biashara haina haya. Lakini usiku ule gharama ililipwa, na hakuna aliyelalamika juu ya dakika 169.

Top Gun: Maverick ya mwaka 2022 haihitaji maneno mengi, kwa kuwa wasomi na watazamaji waliafikiana juu yake, jambo lisilotokea kila siku. Wachezaji waliketi nyuma ya marubani wa kweli katika ndege za kweli za jeshi la majini la Marekani, na mashavu yao yalivutwa na mwendo mpaka yakaharibika sura. Uso wa namna hiyo haudanganyi. Ila lipo jambo moja ambalo mtazamaji wa Jumamosi hakuliuliza, na ilifaa aliulize: adui ni nani? Nchi ishambuliwayo haitajwi jina, na marubani wake wamefunikwa nyuso. Gharama yote yahesabiwa upande mmoja tu. Wanaoanguka upande wa pili hawana mama wala rafiki. Kipimo cha mtazamaji ni kizuri, lakini hukitumia mahali alipoelekezwa na taa, asikipeleke gizani.

Kwa picha za jamaa nzima shauri ni gumu zaidi, maana mtazamaji hahukumu kwa ajili yake peke yake. Hukumu yake ya kawaida, watoto wameipenda, ni nusu ya sifa na nusu ya kujitoa. Kwa hukumu hiyo The Super Mario Bros. Movie, iliyokaripiwa na wahakiki wengi mwaka 2023, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Ni picha changamfu ya dakika 92, yenye rangi za peremende, na mtoto hapati nafasi ya kuchoka. Lakini mtu wake huanguka na kuinuka kama afanyavyo katika mchezo wa elektroni alikotoka, ambamo uhai ni hesabu, na ukiisha huanzwa upya kwa kubonyeza kitufe. Mtoto huipenda, kesho yake haikumbuki ila kwa kofia nyekundu.

Mfano wa kusikitisha zaidi ni wa The Lion King. Picha ya katuni ya mwaka 1994 ilikuwa na dakika 88. Ile iliyotengenezwa upya na Jon Favreau mwaka 2019 ilifika 118. Msemaji wa Kiswahili ana sababu zake za kutabasamu mbele ya zote mbili, kwa kuwa mle ndani simba aitwa Simba, na nyani aitwa Rafiki, na ngiri aliitwa Pumbaa pasipo mtu kumwomba radhi. Hayo ni madogo. Kubwa ni kifo cha baba. Mwaka 1994 mtoto alipomkuta Mufasa amelala bondeni, wachoraji walimpa macho ya mtoto wa binadamu: yalipanuka, yakakataa, yakajaa machozi, kisha akajipenyeza chini ya mkono wa maiti akalala hapo. Vizazi viwili vya watoto vilijifunza hapo kwamba baba aweza kufa. Mwaka 2019 karibu kila unyoya na kila unyasi ulitengenezwa kwa kompyuta, ukafanana na wa porini, na simba akawa simba kwelikweli. Na simba wa kweli hana uso wa kulilia. Mtoto yule alifika bondeni, akamsukuma baba yake, na sura yake ikawa ileile aliyokuwa nayo alipokuwa akicheza. Sauti ililia; uso haukulia.

Ajabu ni kwamba mtazamaji alisamehe. Picha hiyo ilipita dola bilioni 1.6, na waliohojiwa Marekani usiku wa kwanza na kampuni ya CinemaScore, ifanyayo kazi hiyo tangu mwaka 1979, waliipa alama A. Hapa hapana budi kusema kwamba mtazamaji alikosea, na kosa lake laeleweka. Hakulia kwa alichokiona mwaka 2019. Alilia kwa alichokikumbuka. Baba aliyeingia na mwanawe alikuja na machozi yake mwenyewe kutoka utotoni, akayamwaga mbele ya picha isiyoyastahili; mwanawe aliyeketi kando, ambaye hakuwa na akiba hiyo, alitazama wanyama wazuri. Kudai kwamba wawili hao walitazama picha moja ni kudai zaidi ya haki.

Dawa ya jambo hilo ilitoka mahali pasipotazamiwa. Puss in Boots: The Last Wish, iliyoongozwa na Joel Crawford na kutolewa Desemba 2022, ni habari ya paka mwenye majivuno ambaye, kwa mujibu wa hadithi za Wazungu, amepewa roho tisa. Nane amezitumia kwa kuchezea, na kila alipokufa alicheka. Tabibu amwambia kwamba imebaki moja. Ndipo aingia mbwa mwitu katika kilabu cha pombe, akipiga mluzi, ana miundu miwili. Paka ampuuza, apigana naye, na kwa mara ya kwanza damu yatiririka katika paji la uso wake. Akimbia. Baadaye mbwa mwitu ajitaja: yeye ni Mauti, wala si kwa mfano wala kwa fumbo.

Steringi, basi, aweza kufa. Na wanaoambiwa ni watoto. Katikati ya picha paka asimama msituni, ameegemea mti, kifua chapanda na kushuka, hawezi kupata pumzi. Hajafukuzwa na mtu wakati huo. Ni hofu tu imemshika. Kijibwa kiandamanacho naye hakisemi neno. Kinaweka kichwa juu ya tumbo la paka na kungoja, mpaka pumzi inarudi. Inside Out 2 ya mwaka 2024, ya Kelsey Mann, ilijaribu jambo kama hilo kwa msichana wa miaka 13 aliyeshikwa na hofu katika mchezo wa magongo ya barafu, nayo ilifaulu kwa namna yake. Ila pale Wasiwasi ni kiumbe chenye jina, kizungukacho kama kimbunga, na mtoto huelezwa kila kitu. Kijibwa hakielezi. Baba aliyeketi gizani na mwanawe, ambaye pengine hajapata siku ya kumweleza habari za kifo, hapo huona jambo analoweza kulifanya yeye mwenyewe. Na Mauti hakushindwa mwishoni. Paka alisimama imara, mbwa mwitu akaudhika akaenda zake, na wote wawili wakijua kwamba watakutana tena.

Picha hiyo haikujaza majumba siku za kwanza. Ilijaza juma la pili na la tatu na baadaye, kwa maneno yaleyale matatu au manne yaliyotoka kinywa hata kinywa, mpaka ikakaribia dola milioni 480. Huo ndio uhakiki wa mtazamaji wa Jumamosi unapofanya kazi yake vema.

Lakini uhakiki huo hauwezi kufanya kazi mahali asipokwenda. Mwezi wa Mei 2024 George Miller alitoa Furiosa, dakika 148, yenye gharama zaidi ya dola milioni 150. Mapato yake ulimwenguni kote yalizidi kidogo tu milioni 170, na katika hesabu za sinema hiyo ni hasara. Mtoto wa kike ameibwa kwao, ameona mama yake akiuawa, na kwa miaka anatunza juu ya mkono wake wa kushoto ramani ya nyota iliyochanjwa, imwonyeshayo njia ya kurudi. Siku ya kuponyoka wanaomtesa, mkono huo ndio uliofungwa mnyororo. Aukata, aenda zake, na ramani yabaki huko ikining'inia. Hakuna picha ya mapambano ya miaka hii iliyoandika gharama waziwazi kiasi hicho, na mtu ambaye kipimo chake kingeitambua mara moja alikuwa nyumbani.