Viraka vya Gee's Bend Ukutani
Mwaka 2002 mifarishi ya viraka ya akina mama Weusi wa Gee's Bend, Alabama, ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York. Wahakiki waliisifu, wengine wakiifananisha na picha za Matisse. Hapo mimi nagoma. Eti fundi mpaka apimwe kwa Mfaransa! Tazameni kazi ya Missouri Pettway ya 1942: mume kafariki, naye kaziunga nguo zake za shamba, apate kujifunika akimkumbuka. Uhakiki wa fani tupu, huu tunaoupenda madarasani, utakisomaje kitambaa kilichochakaa mwilini mwa mtu? Habari hii kaisimulia bintiye, Arlonzia. Bila masimulizi yake, jamani, tungebaki tunahesabu mistari na rangi.