Kumjua Mpanda Punda kwa Kumtazama Punda

Siku ya mbio za punda Lamu, umati hujipanga kwenye barabara ya ufukweni, shingo zote zimeelekea upande mmoja, kila mtu akitaka kujua nani anatangulia. Mjuzi hujipenyeza upande wa pili, kule wanakosimama punda kabla ya kuitwa. Anayefika wa kwanza huenda ameshinda kwa sababu punda wake ana miguu mizuri na mapafu mazuri, basi. Wa tano huenda ndiye aliyepandwa na mtu anayeijua kazi yake. Ufundi wa mpandaji umeandikwa mwilini mwa mnyama, na asiyeweza kuusoma mwili huo hafai kuhukumu mashindano yoyote ya kupanda, yawe mbio, michezo ya ustadi au safari ndefu.

Nawaandikia watu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa makusudi. Desturi ya kupanda hatunayo. Farasi hakupata makao kwetu: mbung'o wa mapori ya Biharamulo na Burigi humletea ugonjwa wa nagana, na usubi humletea homa ya farasi inayoua upesi. Punda naye ni mgeni katika vibanja vyetu, ambako mkungu wa ndizi umebebwa kichwani, kisha kwenye baiskeli, na sasa kwenye pikipiki. Lakini jicho tunalo. Mzee wa Karagwe au Ihangiro akisimama mbele ya ng'ombe wenye pembe ndefu hahitaji maelezo ya mwenye mali. Hutazama mgongo, kwato, macho, na namna mnyama anavyokanyaga. Jicho hilohilo ndilo ninaloomba mlihamishie kwa punda, na shule ya kujifunzia iko Lamu.

Lamu punda si pambo la sherehe. Mitaa ya mji wa kale, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni myembamba mno kwa gari, hivyo mchanga, matofali, maji na mazao hupita juu ya mgongo wa punda. Wavulana wanaoshindana wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni ndio haohao walio na punda kila siku. Ndiyo maana mbio zao zinafaa kusomwa: unachokiona siku ya shangwe ni hesabu ya kazi ya mwaka mzima. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lenye zahanati ya punda mjini humo tangu 1987, limekuwa likiwazawadia wenye punda waliotunzwa vizuri, na kwangu mimi zawadi hiyo ina uzito kuliko kombe la mbio.

Anza na mgongo. Pitisha kiganja kuanzia pale shingo inapoungana na mabega hadi kwenye nyonga, taratibu, ukibonyeza kidogo. Punda mzima atasimama, pengine akageuza sikio moja kukusikiliza. Mwenye maumivu atashusha mgongo chini ya mkono wako au atapiga mkia. Kisha tafuta nywele nyeupe. Mahali ambapo tandiko, kamba au shogi ilibana hadi ikaumiza ngozi, nywele zinazoota baadaye aghalabu huwa nyeupe, na hazirudii rangi yake. Kidonda hupona, lakini alama ile hubaki. Mwenye punda anaweza kukuapia kwamba mnyama wake hajawahi kuumia. Mabaka meupe begani yatakupa habari nyingine. Usiyachanganye na ule mstari mweusi wa msalaba unaoshuka mabegani, ambao punda wengi huzaliwa nao.

Unene nao una mtego wake. Punda huhifadhi mafuta juu ya shingo na pembeni mwa mbavu, kwa hiyo yule anayeonekana ameshiba kwa mbali huenda ana shingo nzito iliyoanza kulala upande. Huyo kapewa chakula kingi kuliko kazi. Waganga wa mifugo hupima hali ya mwili kwa ngazi 1 hadi 5, na inayotakiwa ni 3: mbavu huzioni, lakini ukizigusa vidole vinazipata bila kutafuta. Mpandaji anayemleta mnyama wa ngazi hiyo ameshashinda nusu ya mashindano, hata kama hakuna anayempigia makofi.

Kwenye kwato nitakaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo Kagera itakapowashinda wengi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science uliwarudisha punda wote wa kufugwa duniani kwenye asili moja, Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Wazee wao waliishi kwenye nchi kame. Kwato zao ni ndogo, zimesimama wima kuliko za farasi, na hunyonya maji upesi. Manyoya yao nayo hayazuii mvua. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Punda akilala kwenye tope, ukwato hulainika, uchafu hupenya, na uozo huanza ndani kabla nje hakujaonyesha chochote. Kwa hiyo usiridhike na ukwato uliopakwa mafuta ukang'aa. Inua mguu, nusa. Harufu ya uozo haijifichi. Tazama kama kisigino kimepunguzwa sawa na ncha, na kama punda anautoa mguu wake bila ugomvi. Anayeutoa kwa utulivu amezoeshwa na mtu mvumilivu. Anayepigana nawe amefundishwa kwamba mkono wa binadamu unauma.

Ya meno ni mafupi kuyaeleza. Meno ya mbele ya utu uzima hutoka jozi kwa jozi, ya katikati karibu na miaka miwili na nusu, ya kufuata mwaka mmoja baadaye, ya pembeni karibu na minne na nusu. Ukiona jozi ya pembeni bado ni ya utoto, huyo ni mtoto. Hakimu mwenye msimamo humtoa kwenye orodha, na havutwi na kelele za mwenyewe.

Sasa vifaa. Lamu wengi hupanda bila tandiko, kwa kamba tu, na hukaa nyuma, karibu na nyonga, si katikati ya mgongo kama mpanda farasi. Kuna sababu. Mgongo wa punda ni mnyoofu na mabega yake hayana kinundu cha kuzuia mtu asiteleze mbele. Akikaa nyuma mpandaji huyaacha mabega huru. Ukimwona kijana anayesogea mbele kila punda anapoongeza mwendo mpaka anakumbatia shingo, ujue hajapata kiti chake bado. Palipo na tandiko, litazame upande wa chini, usidanganywe na urembo wa juu: jasho liwe limelowesha pande zote mbili sawasawa, na pale uti wa mgongo unapopita pabaki pakavu. Doa moja la jasho upande mmoja maana yake uzito umelalia upande huo njia nzima. Na uzito wenyewe una mpaka. Punda wa kawaida hapaswi kupandwa na mtu anayezidi kilo 50 hivi. Mashindano yanayowapandisha watu wazima wenye vitambi hayastahili hakimu.

Miendo ya punda, Waswahili wa pwani waliipa majina zamani: telki, matiti na shoti. Mgeni wa mambo haya hupenda shoti kwa sababu ina vumbi na kelele. Mimi hutazama telki, ule mwendo wa haraka usiorukaruka, kwa sababu hapo hakuna pa kujificha. Punda anayekwenda telki vizuri huweka miguu kwa mpigo usiobadilika, kichwa kimetulia, masikio yanacheza huku na huko. Mpandaji mzuri juu yake karibu haonekani akifanya kitu. Kisha tazama namna anavyobadilisha mwendo. Kutoka telki kwenda shoti si kazi ngumu. Bakora inaweza kuifanya. Kurudi kutoka shoti hadi telki bila kuuvuta mdomo wa mnyama hadi ukaachama, huo ndio mtihani. Nimeona washindi wengi wakishindwa kusimamisha punda baada ya mstari wa mwisho, wakakata kona kwa kumvuta kichwa hadi karibu na goti. Watu walishangilia. Kwa hesabu yangu wale walikuwa wameshindwa.

Michezo ya ustadi hufichua haya kuliko mbio. Uingereza watoto wa Pony Club, juu ya farasi wadogo, wamekuwa wakishindania kombe la Mwanamfalme Philip tangu 1957: kupita kama nyoka kati ya nguzo, kuchomoa bendera na kuichomeka kwingine, kupokezana kifaa katika mwendo. Hayahitaji uwanja wa gharama. Nguzo tano zilizosimikwa kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi, ya Bugabo au ya Nshamba, ndoo na kitambaa kwenye ufito, vinatosha. Simama mwisho wa safu ya nguzo, si ubavuni. Ukiwa ubavuni utaona kasi. Ukiwa mwishoni utaona mstari. Punda aliyeelekezwa vizuri hujikunja mbavu kuizunguka nguzo. Aliyevutwa hugeuza kichwa tu, bega likateleza nje, na kila nguzo njia yake ikapanuka. Tazama pia macho ya mpandaji. Mahiri amekwisha kuiacha nguzo aliyopo na anaitazama inayofuata.

Oman wana jambo la kutufunza hapa. Onyesho lao la ardha ya farasi na ngamia, lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2018, huwakutanisha wapanda farasi wanaokwenda mbio wawili wawili, pengine wamesimama juu ya migongo, na heshima huenda kwa utii wa mnyama na ulinganifu wa mwendo. Kigezo hicho kikipewa uzito kwenye mashindano tutakayoanzisha, bakora itapungua yenyewe, maana haitamsaidia mtu kupata alama.

Kuhusu bakora sina unafuu. Punda akiogopa mara nyingi hasimami kwa ukaidi: husimama ili afikiri, tofauti na farasi ambaye hukimbia. Weka kijito kwenye njia ya mashindano, maji ya kufika kwenye kifundo tu, na utawajua wapandaji wote kwa dakika chache. Mmoja atapiga, na punda atazidi kugoma. Mwingine atalegeza vigwe, atamwacha ashushe kichwa, anuse, aguse kwa ukwato mmoja, kisha avuke. Wa pili amechelewa. Mpe alama zaidi.

Hapo ndipo safari ndefu inapoingia, na hakuna mahali ninapotamani kuiona kama kwenye njia ya Muhutwe, Kamachumu hadi Muleba. Ina kila kitu: mpando mkali, rweya iliyo wazi yenye upepo, kisha vichochoro vya migomba ambamo udongo mwekundu huteleza baada ya mvua. Kwenye mpando, mpandaji mzuri huinama mbele kidogo na kumwachia punda kichwa. Kwenye mteremko wenye tope hushuka na kutembea kando yake, bila kuambiwa. Ndani ya vibanja hupunguza mwendo, kwa sababu kuna watoto, mbuzi na kahawa iliyoanikwa. Katika safari, kasi ihesabiwe mwisho kabisa.

Afikapo, chukua mapigo ya moyo. Utafute mshipa chini ya taya, hesabu kwa dakika nzima. Punda mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 36 na 52, na pumzi kati ya 12 na 28. Yatakuwa juu anapofika, hilo halina neno. La maana ni kama yanashuka akiwa kivulini na maji mbele yake, na pia kama anayanywa maji hayo. Bonyeza ufizi kwa kidole: ukiachia, rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Usitegemee sura yake. Punda huficha maumivu hadi yamezidi, na anayesimama kimya pembeni, kichwa chini, hataki chakula, si mpole. Ni mgonjwa.

Ikitokea wawili wakalingana alama, msiwapambanishe tena kwa mbio. Zawadi ingoje kesho yake. Waleteni punda wote wawili alfajiri, kabla hawajapashwa moto, watembezwe kwenye ardhi ngumu kwenda na kurudi, kisha wageuzwe duara dogo kila upande. Sikilizeni kwato zaidi ya kuzitazama: mapigo manne yaliyo sawa, au moja lililo jepesi kuliko mengine. Baadaye mpandaji wa kila punda amwendee wake kwa mguu, mikono mitupu, bila kumwita. Anayefuatwa na punda wake apewe kombe.