Jina na Kitu: Fomula za Namba Changamano katika Lahajedwali

Uhakiki wetu huelekezwa zaidi kwenye riwaya na ushairi. Hata hivyo, majina ya kiufundi nayo yastahili kuhakikiwa, kwani mwanafunzi huyasoma kabla hajakielewa kitu chenyewe. Tuchukue mfano wa fomula za trigonometria ya namba changamano katika programu ya Microsoft Excel.

Toleo la Kiingereza huita saini ya namba hizo IMSIN, na kosaini IMCOS. Herufi IM zadokeza sehemu ya kufikirika peke yake, ilhali fomula hupokea namba nzima, pamoja na sehemu yake halisi. Toleo la Kifaransa lasema COMPLEXE.SIN na COMPLEXE.COS: majina marefu, lakini ya kweli zaidi. Hata hivyo, neno "complexe" laweza kumtisha mwanafunzi, akadhani maana yake ni "ngumu" tu. Neno letu "changamano" latokana na kuchangamana, na ndivyo hesabu yenyewe ilivyo. Saini ya a+bi ni sin a · cosh b + i · cos a · sinh b: a na b huingia zote mbili katika kila sehemu ya jibu.

Jina zuri, lakini, halitoshi. COMPLEXE.COS("i") hutoa takriban 1,543. Aliyefundishwa kwamba kosaini haizidi 1 atadhani mashine imekosea. Kumbe kanuni ile ilihusu namba halisi tu.

Kasoro kubwa zaidi imefichika. Jibu linaloonekana katika kisanduku kama namba ni maandishi. Mtu akijumlisha safu ya majibu hayo kwa SOMME, atapata 0 bila onyo lolote. Yampasa atumie COMPLEXE.SOMME. Hapa jina la fomula limenyamaza mahali lilipopaswa kusema, na anayenakili fomula bila kuifasiri ataipeleka sifuri hiyo katika ripoti yake.

Hatudai kwamba programu itafsiriwe yote. Twapendekeza jambo dogo: kila jina la Kifaransa liandikiwe kando yake sentensi moja ya Kiswahili, ikieleza fomula yapokea nini na yarudisha nini. Hapo Kiswahili hakitakuwa pambo la somo, bali chombo cha kulisahihisha.