Bloku au Pingili? Istilahi za Polima Zinazojipanga

Mwalimu wa sayansi pale Mlali, chini ya milima ya Uluguru, akiwatajia wanafunzi wake "kopolima ya bloku", hawatakosa kuelewa, wataelewa visivyo. Bloku kwao ni tofali la saruji: hufyatuliwa peke yake, huanikwa, kisha hupangwa na mwashi. Na mwanafunzi huyo, atokaye shule ya msingi ya Kiswahili kwenda sekondari ambako sayansi husomeshwa kwa Kiingereza, atadhani kwamba ni lugha yake iliyoshindwa, kumbe ni mfasiri.

Kitu chenyewe ni molekuli ndefu yenye sehemu za polima mbalimbali, kwa mfano polistirini na poliisoprini, zilizofungwa ncha kwa ncha kwa kifungo cha kikemia. Michael Szwarc alionyesha njia ya kuziunga hivyo mwaka 1956. Sehemu hizo hukataana kama mafuta na maji, lakini haziwezi kuachana. Basi kila moja hujitenga kadiri kifungo kinavyoruhusu, na hapo hutokea vitufe, nguzo au matabaka, kwa kawaida ya nanomita 10 hadi 100. Viwanda vimeijaribu michoro hiyo kama kiolezo cha kuchongea chipu za kompyuta. Matabaka nayo, unene wake ukikaribia robo ya urefu wa wimbi la mwanga, huakisi rangi moja na kupitisha nyingine.

Kwa hiyo napendelea "pingili". Mkulima wa miwa wa Mtibwa, katika wilaya ile ile ya Mvomero, ajua kwamba fundo ndilo liungalo pingili na pingili. Na fundo ndilo kiini cha jambo hili. Yaweza kusemwa kwamba pingili za muwa mmoja hufanana, na hizi hazifanani. Ni kweli, lakini kasoro hiyo ni ndogo kuliko ya bloku.

"Kujikusanya" nako hakufai: wanaokusanyika hutoka mbali, na hizi tayari zimefungwa pamoja. "Kujiunda" kwazidisha, maana molekuli imekwisha kuundwa na mkemia. Kilichobaki ni mpango tu. Tuseme "kujipanga". Matuta ya ngazi ambayo Waluguru walilazimishwa kuchimba, wakayapinga mwaka 1955, yalihitaji jembe na amri. Matabaka haya yatosha kupewa joto na muda.

"Polima", "molekuli" na "nanomita" ziachwe zilivyo.