Betri, Seli na Jiwe

Katika tafsiri nyingi za maelekezo ya redio za mkononi za kupokea na kurusha, neno betri hubebeshwa maana mbili: pakiti nzima, na kila kipande kilichomo ndani yake. Kasoro hii si ya mtindo tu. Pakiti ya volti 7.4 huwa na seli mbili za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja volti 3.7. Ikijaa, pakiti hufikia volti 8.4, na seli 4.2. Fundi aliyeifungua ili abadilishe seli iliyokufa, akasoma kwamba “betri ichajiwe kwa volti 8.4”, aweza kuiunganisha seli moja na chaja hiyo, nayo ikawaka moto.

Wapo wanaolikataa neno seli kwa kuwa lina kazi katika biolojia. Hoja dhaifu, nani atatafuta chembehai ndani ya redio?

Wananchi nao wamezoea kusema mawe ya redio. Jiwe, kwa seli kavu, lina ubora ambao betri limeupoteza: asemaye mawe manne hachanganyi kipande na kundi. Basi betri libaki kwa kundi, seli kwa kipande, na jiwe lisifutwe na wahariri kana kwamba ni kosa.