Bibi apumzike tu? Tuusome vizuri utafiti wa Pamplona
Bibi akilazwa tunamwambia nini? "Lala, pumzika." Sasa huko Pamplona, Hispania, watafiti walichukua wagonjwa 370, wastani wa umri miaka 87. Nusu walifanya mazoezi mara mbili kwa siku, dakika 20 kila mara. Wenzao waliohudumiwa kawaida walitoka wamepoteza pointi 5 kati ya 100 kwenye kipimo cha kujihudumia: kuoga, kuvaa, kula. Wa mazoezi hawakushuka. Safi kabisa!

Ila angalia nani aliingizwa: wanaoweza kutembea, hata kwa kusaidiwa. Yule asiyeinuka kabisa, tunayemhofia kuliko wote, hayumo. Halafu mazoezi ya asubuhi yalikuwa na msimamizi. Ya jioni, vyuma vyepesi tu, hata wodi yenye nesi mmoja itayamudu. Ya asubuhi atayasimamia nani?